Mwalimu, unamwombea nani?

Steshenari ninayoitumia iko Mwanjelwa, Mbeya, nyuma kidogo ya soko. Kompyuta nne, benchi moja, na mashine ya kopi inayokohoa kabla ya kutoa karatasi. Msimu wa kuomba vyuo ukifika benchi lile halikai wazi. Utakuta wazazi na bahasha zao za kaki, vijana wenye vyeti vilivyokunjwa mara nne, na dada mmoja mwenye vidole vyepesi anayejua nywila za nusu ya watoto wa mjini hapa.

Nilikwenda jioni baada ya vipindi, nikiomba nisikutane na mtu ninayemjua. Nikamkuta Tumpe. Si jina lake, ila nitamwita hivyo. Nilimfundisha Kemia kidato cha tatu na cha nne, akapata C, na C ile tuliipigania wote wawili hadi Jumamosi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mwalimu, unamwombea nani?"

"Mdogo wangu," nikasema.

Uongo ulitoka wenyewe. Dada wa kompyuta akauliza kozi, nikamwambia uuguzi na ukunga, stashahada. Akauliza namba ya mtihani ya kidato cha nne. Nikaitaja kwa sauti ya mtu anayeungama, maana namba zile huishia na mwaka, na wangu ni 2012. Akabofya, mfumo ukavuta taarifa, majina yangu yote matatu yakatokea kwenye kioo. Nikajisogeza kidogo ili bega lizibe. Tumpe alikuwa kompyuta ya pili, anajaza fomu ileile, kozi ileile, visanduku vilevile.

Kwapani nilikuwa na bahasha yangu mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na cheti cha digrii ya kwanza, sayansi na ualimu, masomo ya Baiolojia na Kemia, 2018. Nilikibeba nikiamini kuna mahali kitaulizwa. Fomu ilifika mwisho, nikapewa kontrol namba, nikalipa kwa simu, nikatoka. Hakuna aliyekiuliza.

Najua jibu la haraka: kama una digrii na una sayansi, si uombe digrii ya uuguzi? Ile ni miaka minne, na kwa njia ya kidato cha sita wanataka Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mimi nilisoma CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia. Nilipokuwa na miaka kumi na saba niliiacha Fizikia nikachukua Jiografia, kwa sababu mwalimu wa Fizikia alihama na wa Jiografia alikuwa anachekesha. Hiyo ndiyo sababu nzima. Uamuzi wa mtoto wa miaka kumi na saba ndio unaonifungia mlango nikiwa na thelathini. Ikabaki stashahada ya miaka mitatu, ambayo inataka ufaulu wa angalau D nne za kidato cha nne, na katika hizo ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. D yangu ya Fizikia, ambayo nilikuwa naionea aibu, ndiyo iliyonipitisha.

Na wanaokumbuka, wanakumbuka matokeo ya 2012 yalivyokuwa. Ni yale ambayo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, serikali ikayafuta na yakapangwa upya Mei 2013. Kwa miezi kadhaa hatukujua kama tumefaulu au tumefeli. Sasa ndio kipimo changu cha kudumu. Nimesoma chuo kikuu, nimefundisha miaka saba, nimesimamia maabara yenye bomba moja la maji kwa watoto sitini, na bado mimi ni namba ile ya mtihani.

Mwaka juzi, wakati wa masika, bibi yangu alilazwa Rungwe. Kuhara na kutapika siku tatu, mtu wa miaka themanini na kitu, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Usiku umeme ukakatika. Muuguzi wa zamu, binti mdogo kuliko mimi, akanipa simu yake nimulike. Akafunga mpira juu ya kiwiko, akaupapasa mkono kwa ncha za vidole bila haraka, akaupita ule mshipa mkubwa ambao mimi ningeuchagua.

"Huu unakimbia," akasema, si kwangu, kama anauambia mkono. Akashuka mpaka karibu na kidole gumba. "Bibi, finya ngumi."

Damu ikarudi kidogo kwenye kanula, akafungua dripu, akabandika plasta. Dakika mbili, labda tatu. Bibi akamwambia, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana, na binti akajibu kwa Kinyakyusa kibovu kabisa, bibi akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumfikishe pale.

Mimi naweza kuchora mfumo wa damu ubaoni nikiwa nimefumba macho, ateri nyekundu, veni bluu. Usiku ule nilikuwa mshika tochi. Nilirudi Mbeya na daladala ya asubuhi nikiwa nimeshaamua, ingawa sikumwambia mtu kwa miezi.

Ninachodai ni digrii yangu ihesabiwe nikiomba uuguzi, na naomba nieleweke naomba nini. Ninachokijua kipo. Seli, homoni, bakteria, mizani ya maji na chumvi mwilini, namna dawa inavyoyeyuka na kwa nini. Nimevifundisha, nimevitungia mitihani, nimevisahihisha kwa kalamu nyekundu mpaka vidole vikauma. Kunirudisha darasani nisome upya anatomia ya utangulizi, stadi za mawasiliano na namna ya kuwasha kompyuta ni kunipotezea muda mimi na kumnyima kiti kijana mwingine. Ila mshipa unaokimbia siujui, na hakuna kitabu kitakachonipa. Mwaka mmoja wa darasani upunguzwe. Saa za wodini zisiguswe hata moja.

Wenzetu walishaifikiria. Uingereza mtu mwenye digrii nyingine anaweza kusomea uuguzi kwa miaka miwili badala ya mitatu. Kule kozi inahesabiwa kwa saa, 4,600, nusu ya nadharia na nusu ya vitendo, na chuo kinaweza kumtambulia mwombaji yale aliyokwishajifunza mpaka kiasi fulani. Australia wana shahada ya uzamili ya miaka miwili kwa waliotoka fani nyingine. Marekani kuna programu za haraka za mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, lakini usidhani ni mteremko: kabla hujapokelewa unadaiwa masomo ya msingi kama anatomia, fiziolojia na mikrobaiolojia, na mwisho unafanya mtihani uleule wa leseni unaofanywa na wengine wote. Hapa kwetu pia mhitimu wa uuguzi hapewi leseni mpaka apite mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Basi kama mlango wa kutokea unalindwa, hofu ya mlango wa kuingilia inatoka wapi?

Wala si kwamba wauguzi wamezidi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2025 inasema dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023, na bado pengo lilikuwa milioni 5.8. Wakati huohuo walimu wa sayansi wenye digrii tunagombania tempo, kazi za muda, za shilingi laki na nusu kwa mwezi, tukilipwa mwezi huu na kuambiwa subirini mwezi ujao. Kutoka ndani ya uuguzi ngazi ipo, mwenye cheti anapanda stashahada, mwenye stashahada anapanda digrii. Kwa anayetoka pembeni hakuna hata kibao.

Nilimpigia simu dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, muuguzi mkoani Njombe kwa miaka kumi na moja sasa. Nilitegemea aniunge mkono. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Unajua kubadilisha shuka mgonjwa akiwa juu ya kitanda?"

Nikanyamaza.

"Mwaka wa kwanza ndio huo. Siyo anatomia yako. Ni kutandika, kuosha, kunusa, kuzoea kuitwa usiku na mtu anayekutukana kwa maumivu. Nyie wasomi mkipunguziwa mwaka mnapunguza huohuo."

Nikamwambia ndiyo maana nasema saa za wodini zibaki. Akasema, "Kwenye karatasi zitabaki." Hapo sikuwa na jibu, na mpaka leo sina zuri. Anajua jinsi ratiba inavyobanwa na kitu gani kinakatwa kwanza. Lakini hoja yake inadai usimamizi mkali, na hilo linawahusu hata wale wa miaka mitatu. Niliporudia kumwambia hivyo akacheka, akasema nimeanza kubishana kama mwanafunzi wa uuguzi, akaniuliza bei ya parachichi Mbeya.

Kuna jambo jingine nililotaka kulilalamikia, nikaishia katikati. Katika maombi yote haya hakuna aliyeniuliza kwa nini. Uingereza mwombaji wa uuguzi husailiwa, anaulizwa habari za huruma, za kumsikiliza mgonjwa. Mimi nimeulizwa namba. Ningependa kukaa mbele ya mtu nimweleze habari za tochi ile. Halafu nikawaza usaili huo ukifanyika hapa, nani atakuwa kwenye foleni, nani atapigiwa simu jana yake na mjomba wake. Mfumo wa namba ni mkavu, lakini haujui mtoto wa nani. Tumpe hana mjomba popote. Mama yake anauza ndizi Kabwe. Kwa Tumpe, ukavu ule ni heri. Kwa hiyo usaili nimeufuta kwenye madai yangu, ingawa moyo bado unautaka.

Sasa ni kusubiri. Niliweka vyuo vitatu, vyote huku huku nyanda za juu, kwa sababu nje ya hapa nauli na chumba vitanishinda, na bado nadaiwa mkopo wa digrii ileile ambayo fomu haikuiona. Nilipenda chuo kilicho pembeni mwa hospitali yenyewe, na ukanda huu umejaliwa hospitali kongwe za misheni zenye shule za uuguzi: Tosamaganga, Ilembula, mpaka Peramiho ukishuka Ruvuma. Mwanafunzi anatoka darasani, anavuka uwanja, yuko wodini. Nisitaje nilivyochagua, nisije nikajitia nuksi.

Julai ya Mbeya mnaijua. Asubuhi mlima Loleza hauonekani, watoto wanaandika wakiwa wameficha mkono mmoja ndani ya sweta. Mimi, niliyewanyang'anya simu wanafunzi miaka saba, nafundisha na yangu ikiwa mfukoni, mtetemo umewashwa. Ikitetema nageukia ubao, naichungulia. Ni bando. Ikitetema tena, ni mtu anayeniambia ile hela nitume kwenye namba hii. Siku moja niliandika mlinganyo ubaoni nikauacha bila kuusawazisha, kijana wa nyuma akanisahihisha, nikamshukuru kama vile nilimtegea.

Kwenye chumba cha walimu nimemwambia mmoja tu. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Kaka, ajira zitatoka." Alidhani nakimbia. Labda kuna kukimbia ndani yake, sikatai. Mtu anayelipwa mshahara mzuri huchelewa zaidi kusikia wito. Mwingine akisikia ataniita sista, najua, na nitacheka naye.

Awamu ya kwanza ilitoka Ijumaa. Niliingia kwenye akaunti saa tano usiku ili mtandao uwe mwepesi. Hujachaguliwa, nafasi zimejaa, unaweza kuomba awamu inayofuata. Mistari miwili. Niliisoma mara kadhaa kama mwanafunzi anayetafuta maksi zilizosahaulika kujumlishwa. Nafasi zimejaa kwa nani, kwa alama gani, nilikuwa wa ngapi, hayo hayamo. Ningejua nimeangushwa na D yangu ya Fizikia ningelala.

Jumamosi asubuhi simu ikatetema nikiwa nafua.

"Shikamoo mwalimu. Nimechaguliwa!! Mdogo wako je?"

Nikakausha mikono. Nikamwandikia hongera, ndefu, ya kweli kabisa, nikaituma. Kisha nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaandika nyingine: "Bado. Na si mdogo wangu. Ni mimi."

Vialama vya bluu vikatokea. Akakaa kimya kidogo, akaandika.

"Nilijua mwalimu. Mdogo gani kamaliza 2012."

Halafu ikaja ya mwisho: "Omba awamu ya pili. Nitakutunzia madaftari."