Mtoto Mwenye Viungo Legevu Si Mvivu

Mtoto wa miaka 4 akiomba kubebwa baada ya mwendo mfupi tu, hukumu hutoka haraka: anadeka. Akikataa kuchora, ni mvivu. Akijikwaa kila mara, hatazami anakokwenda. Maoni yangu ni kwamba baadhi ya watoto wanaohukumiwa hivyo hufanya kazi kubwa kuliko wenzao, ila kazi yenyewe haionekani, kwa kuwa inafanywa na misuli inayojitahidi kuvituliza viungo ambavyo kano zake zimelegea.

Kano ndizo zinazofunga mfupa kwa mfupa. Zinaponyumbuka kupita kawaida, jambo ambalo mara nyingi hurithiwa, misuli inayokizunguka kiungo hubebeshwa kazi yake pamoja na kazi ya kano. Mtazame mtoto wa namna hiyo akishika penseli: kiungo cha mwisho cha kidole cha shahada kinabonyea kwa ndani, kidole gumba kinajizungusha juu ya vidole vingine, naye anaikaza penseli hadi ncha za vidole zinapauka, kisha baada ya mistari michache anaitua na kukung'uta mkono. Mtu mzima aliyeketi kando yake huona mistari michache tu, na kwa mistari hiyo humhukumu.

Kwa mtazamo wangu, tatizo huanzia kwenye swali tunalouliza. Tunapenda kujua kiungo kinapinda kiasi gani, labda kwa sababu hilo ni rahisi kupima. Kipimo mashuhuri cha Beighton, kilichochapishwa mwaka 1973, kina alama 9: huangalia kama kidole kidogo kinarudi nyuma kupita nyuzi 90, kama kidole gumba kinagusa kigasha, kama kiwiko na goti vinapinda kinyume zaidi ya nyuzi 10, na kama viganja vinalala sakafuni bila magoti kukunjwa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 5 kipimo hicho hakituambii mengi, kwa sababu watoto wa umri huo kwa kawaida wananyumbuka sana. Mtoto mchanga anayetia kidole cha mguu mdomoni hana ugonjwa wowote. Wengi hukaza kadiri wanavyokua, na wengine hubaki na viungo legevu maisha yao yote bila maumivu. Swali lenye manufaa zaidi ni lile la mtoto anaweza kufanya nini, na anachoka kiasi gani kwa kukifanya.

Swali hilo huwasumbua wazazi mapema, hasa mtoto anapochelewa kusimama dede. Watoto wenye viungo legevu mara nyingi hutembea kwa kuchelewa, na baadhi yao hawatambai kamwe, bali husota kwa makalio. Shirika la Afya Duniani lilipofuatilia watoto wenye afya katika nchi kadhaa, lilikuta kwamba umri wa kuanza kutembea bila kushikwa huanzia takriban miezi 8 na kufika karibu miezi 18, upana ambao ungepaswa kutuliza mioyo mingi. Badala yake, watu wazima hukimbilia kigari cha kujifunzia kutembea. Sikipendi kifaa hicho hata kidogo. Humning'iniza mtoto na kumzuia kujifunza kubeba uzito wake na kusawazisha mwili, hakiharakishi kutembea, na ajali zake, hasa za kuporomoka kwenye ngazi, ndizo zilizoifanya Kanada ipige marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Sakafu safi, muda wa kulala kifudifudi akiwa macho na anaangaliwa, na kiti imara cha kujivutia asimame vinamfaa zaidi.

Kuna pia mchezo wa kumbembeza mtoto kwa kumshika viganja, au kumnyanyua ghafla kwa mkono mmoja. Kwa mtoto yeyote mdogo, mvuto kama huo unaweza kuuchomoa mfupa wa kigasha kutoka kwenye kano inayoushika kiwikoni, naye akakataa kabisa kuutumia mkono huo. Mnyanyueni kwa kumshika kwapani.

Hata hivyo, kutetea viungo legevu kusigeuke kuwa kisingizio cha kupuuza. Mtoto mchanga anayeponyoka mikononi unapomshika kwapani, au anayenyonya kwa udhaifu, huenda ana tatizo la misuli au la neva wala si la kano pekee. Vilevile, anayepoteza uwezo aliokuwa nao, anayechechemea, anayetumia upande mmoja zaidi, aliyevimba kiungo au anayeamka asubuhi viungo vikiwa vimekakamaa apelekwe kwa daktari bila kusubiri. Mifupa inayovunjika kirahisi, au ngozi inayochanika na kuacha makovu mapana, nayo hudai uchunguzi, kwa kuwa ulegevu wa viungo unaweza kuwa sehemu ya hali nyingine ya kurithi. Jibu la jamaa kwamba hata baba yake alikuwa hivyo hivyo ni taarifa muhimu ya kumpa daktari. Halitoshi kuahirisha safari ya kumwona.

Mtoto akishachunguzwa na kuonekana hana kingine, tiba kubwa ni mazoezi ya kuimarisha misuli, yanayoongozwa na mtaalamu wa tiba ya viungo na kurudiwa nyumbani kwa muda mfupi lakini mara nyingi. Kuogelea, kupanda na kukimbia ni sehemu ya tiba, hivyo kumkataza kucheza kwa hofu ya kuumia humdhoofisha zaidi. Kinachofaa kukatazwa ni maonyesho ya kupinda vidole mbele ya wageni, ambayo kwa kawaida huombwa na watu wazima wenyewe. Mwalimu naye aambiwe mapema, ili mtoto aruhusiwe kupumzisha mkono anapoandika na apewe kiti kinachomwezesha kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili.