Goli la jirani linafika kwanza

Dakika ya 80 na kitu, timu yangu inapanga mpira taratibu kutoka nyuma, mara kelele zikapasuka kutoka jengo la pili. Wamesimama, wanapiga meza, mtoto anapiga mluzi dirishani. Kwangu mpira ulikuwa bado kwa beki. Nikachukua simu nikaanza kuhesabu, na goli lilipofika kwenye kioo changu zilikuwa zimepita sekunde 34. Jirani ana dishi. Mimi natazama kwa intaneti, kwa sababu jengo ninaloishi halina antena.

Tundu la antena lipo ukutani, tena liko mahali pazuri, nyuma kabisa ya meza ya TV. Nilipohamia nilichomeka waya, nikaiambia TV itafute chaneli, ikatafuta hadi mwisho bila kupata hata moja. Nikafungua kile kifuniko kwa bisibisi. Nyuma yake kulikuwa na kipande cha waya cha urefu wa kidole, kimekatwa, hakiendi popote. Antena ya ndani nayo ilinipa picha za vipande vipande. Zege lenye nondo hudhoofisha mawimbi kabla hayajafika sebuleni, na dirisha langu limeupa mgongo upande wa mnara. Kupanda juu ya paa hairuhusiwi. Ikabaki ruta.

Sina ugomvi na kutazama TV kwa intaneti. Picha ikikaa vizuri ni safi kuliko nyingi nilizowahi kupata kwa antena. Lakini tumeihama antena bila kuulizana ni mambo gani mema ilikuwa nayo ambayo tulipaswa kuhama nayo.

Kwanza hiyo nusu dakika. Mnara au setelaiti humwaga mawimbi mara moja, na kila mwenye kifaa anayapokea kwa pamoja, wawe watu 10 au milioni 10. Intaneti kwa kawaida haifanyi hivyo. Picha ya mubashara hukatwa vipande, kila kipande huhifadhiwa kama faili dogo, kisha TV yako huomba kimoja baada ya kingine. Mfumo unaotumika sana, HLS, ulioletwa na Apple mwaka 2009, ulianza na vipande vya sekunde 10, na baadaye ushauri ukawa sekunde 6. TV haianzi kuonyesha mpaka iwe imejiwekea akiba ya vipande vitatu hivi, ili mtandao ukiyumba picha isigande. Zidisha 6 kwa 3, ongeza muda wa kukandamiza picha na kuisambaza kwenye seva, utaelewa sekunde zangu 34 zilitoka wapi.

Ucheleweshaji huu unapunguzika. Mwaka 2019 Apple hiyohiyo ilitangaza namna ya HLS inayokata vipande kuwa vidogo zaidi ili picha ya mubashara ifike ndani ya sekunde chache. Na kuna njia ya zamani zaidi, ya kutuma nakala moja ya picha inayogawanyika njiani kuelekea kwa wote wanaoitaka, badala ya kumtumia kila mtazamaji nakala yake. Maelezo yake ya msingi yapo tangu 1989, na kampuni zinazouza TV ndani ya mtandao wao wenyewe huitumia kila siku. Kwa hiyo chaneli inayonifikia kwa kuchelewa nusu dakika imechelewa kwa uamuzi wa mtu fulani, na uamuzi unaweza kubadilishwa. Nusu dakika kwenye filamu haina maana. Kwenye mechi au matokeo ya uchaguzi, ndiyo inayowatenganisha waliomo kwenye tukio na wanaosimuliwa.

Kuhusu picha kuganda niseme kwa ufupi, maana naona watu wanapoteza hela. Kwangu ilikuwa inaganda kila siku kuanzia saa mbili usiku. Nikapiga simu kwa wanaonipa intaneti, nikaambiwa nipandishe kifurushi. Kifurushi changu kilikuwa cha megabiti 20 kwa sekunde, na picha ya HD kamili hutosheka na kama megabiti 5. Nilipofungua orodha ya mitandao kwenye simu nikahesabu Wi-Fi 23 za majirani, karibu zote kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambako njia zisizoingiliana ni tatu tu. Usiku kila mtu yuko nyumbani na wote tunabanana humohumo. Nikanunua waya wa mtandao wa mita 15, nikaupitisha pembeni mwa ukuta kutoka kwenye ruta hadi nyuma ya TV. Kuganda kukaisha siku hiyohiyo, kifurushi kilekile. Kama huwezi kuvuta waya, ihamishie TV kwenye masafa ya gigahezi 5. Yana nafasi kubwa zaidi, na kuta huyazuia kwa hiyo ya jirani hayakufikii sana. Kupandisha kifurushi kuwe jambo la mwisho kabisa.

Linaloniuma zaidi nililiona mama alipokuja kukaa kwangu wiki mbili.

Siku ya kwanza, muda wa taarifa ya habari ulipokaribia, alishika rimoti akaigeuza mkononi mara mbili. Ilikuwa na vitufe vinne vyenye majina ya kampuni za filamu, mishale, na kitufe cha kuongea. Tarakimu hazipo. "Mwanangu, namba moja iko wapi?" Nikamfungulia programu ya chaneli anayoipenda, ile ya bure ambayo ameitazama miaka yote. Ikataka baruapepe. Ikataka nywila. Ikataka kutuma namba ya uthibitisho kwenye simu, kisha ikauliza kama inaruhusiwa kujua tulipo. Tulipomaliza, habari kuu zilikuwa zimeshasomwa. Mama akasema, "Basi, tutasikia kesho," akaenda kulala mapema.

Ameitazama chaneli ile kwa miongo kadhaa bila mtu kumuuliza jina. Hiyo ndiyo maana ya matangazo ya bure kama nilivyoyajua mimi: unawasha, unaona. Hakuna anayejua umewasha saa ngapi, umehama wakati gani, umelala ukiiacha inaongea. Kupitia programu, kila kitufe unachobonyeza kinaweza kuandikwa mahali. Mimi naweza kuchagua nikubali au nisikubali kwa ajili ya filamu za burudani. Kwa taarifa ya habari ya umma sioni kwa nini niwekwe mbele ya chaguo hilo.

Tena bure yenyewe si bure. Megabiti 5 kwa sekunde ni takriban gigabaiti 2.25 kwa saa. Familia inayowasha TV saa 4 kwa siku inafikisha gigabaiti 270 kwa mwezi. Mwenye intaneti isiyo na kikomo haoni, lakini anayetumia bando la simu hawezi kabisa. Wa aina hiyo wapo wengi kwenye majengo haya yasiyo na antena, hasa vijana wanaopanga chumba kimoja. Kwao, waya kukatwa nyuma ya tundu la ukutani kumewafungia chaneli za umma.

Msimamo wangu ni huu: kila chaneli inayorushwa bure hewani ipatikane bure kwenye intaneti pia, mubashara, bila akaunti wala nywila, kwa namba yake kwenye orodha. Wanaotoa intaneti wasihesabu data ya kuitazama kwenye bando la mteja. Teknolojia ya kufanya hivyo haihitaji kubuniwa. Upo utaratibu wa kimataifa unaoitwa DVB-I, ambao huiwezesha TV kupanga chaneli za intaneti kwenye orodha moja na zile za antena au dishi, na mtazamaji akabonyeza namba bila kujali picha imepita njia gani. Uingereza, watangazaji wakubwa akiwemo BBC, ITV na Channel 4 walizindua Freely Aprili 2024, inayoleta chaneli zao za mubashara kwenye TV kupitia intaneti. Naitaja kwa sababu hapo watangazaji wenyewe walikaa pamoja kabla minara haijazimwa. Uswisi, shirika la utangazaji la umma lilizima matangazo yake ya antena za kawaida Juni 2019. Wengine watafuata, na inafaa maswali haya yaulizwe mnara ukiwa bado umesimama.

Antena nayo nisingependa iachwe. Waya wa intaneti wa jengo letu ulikatwa na wachimbaji mwaka jana, tukakaa siku tatu. Kila nyumba kimya, hakuna hata chaneli moja ya habari, huku mnara ukiendelea kurusha matangazo juu ya vichwa vyetu. Antena moja ya pamoja juu ya paa, kikuza mawimbi kimoja, na nyaya zinazoshuka hadi kila mlango: ni kazi ndogo sana jengo linapojengwa, na ni kazi kubwa sana ukuta ukishapakwa rangi. Anayejenga anayaweka mabomba ya maji bila kuuliza kama mpangaji atanunua maji ya chupa.

Nimemwandikia mwenye jengo barua na wapangaji wenzangu 11 wametia sahihi. Hatujaomba kila mtu atundike dishi lake. Tumeomba fundi apande juu mara moja, aangalie ile njia ya waya kama bado inapitika kutoka paa hadi ghorofa ya kwanza, na atupe gharama tuichangie. Kipande cha waya nilichokikuta nyuma ya tundu nimekipiga picha, nimekiambatisha kwenye ukurasa wa pili.