Saa 1,000 Bila Mshahara: Nani Anamudu Kuwa Mtaalamu wa Lishe Marekani?

Hadi mwisho wa 2023, mwenye shahada ya kwanza ya lishe nchini Marekani aliweza kumaliza mafunzo ya vitendo, kufanya mtihani wa usajili na kuanza kazi kama mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa, yaani RD. Kuanzia Januari 1, 2024, tume ya usajili, CDR, haimruhusu kuufanya mtihani huo kama hana shahada ya uzamili. Uamuzi ulipitishwa 2013, kwa hiyo muda wa kujiandaa ulikuwepo. Lakini manung'uniko hayajaisha, na kwa maoni yangu wanaonung'unika wana hoja, ila wengi wanailaumu sehemu isiyo na kosa. Wanalaumu mafunzo ya vitendo.

Mafunzo hayo yana maana. Chukua mgonjwa aliyeingia wodini baada ya kukaa wiki nzima bila kula, na sasa analishwa kwa mpira wa puani. Chakula cha majimaji chenye kalori 1.5 kwa kila mililita, kikipita mililita 50 kwa saa usiku na mchana, kinampa kalori 1,800. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa sekondari ataipata. Tatizo ni kwamba ukimfungulia kiasi chote siku ya kwanza, fosfeti, potasiamu na magnesiamu vinaweza kuporomoka kwenye damu, na moyo ukapata shida. Anayejua kazi huanza na kidogo, hukumbusha mgonjwa apewe thiamini (vitamini B1), kisha husubiri majibu ya maabara kabla ya kupandisha. Vitabu vinaeleza haya yote. Lakini kuyakumbuka saa mbili asubuhi, daktari amesimama anakusubiri na una wagonjwa wengine kumi na wawili, ni jambo la kufundishwa na mtu aliyewahi kuliona likienda kombo.

Sasa tazama kilichofanyika. Zamani mwanafunzi alitakiwa kutimiza angalau saa 1,200 chini ya msimamizi. Wakati wa korona, 2020, chombo kinachoidhinisha programu, ACEND, kilishusha kiwango hadi saa 1,000, na viwango vya 2022 vikakiacha hapo hapo. Wameongeza shahada, wakapunguza saa. Tena CDR haijali uzamili huo ni wa fani gani: wa utawala wa biashara unakubalika sawa na wa lishe ya tiba. Kama lengo lilikuwa kumlinda mgonjwa wa mpira wa puani, sioni uzamili wa biashara unamsaidia vipi.

Watetezi wana majibu, na si yote ya kupuuzwa. Wanasema saa ni kipimo kibovu: mmoja huiva kwa saa 800, mwingine hata 1,500 hazimtoshi, kwa hiyo afadhali kupima umahiri. Nakubali. Wanasema pia kwamba mfamasia na mtaalamu wa fiziotherapia siku hizi wanahitimu na udaktari wa taaluma zao, na kwamba mwenye shahada ya kwanza akikaa nao katika kikao cha wodi hasikilizwi. Hilo nalo lina ukweli wake, ingawa ni hoja ya heshima zaidi kuliko ya tiba. Hata sheria ya shirikisho inayoruhusu Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, kulipia ushauri wa lishe kwa wagonjwa wa kisukari na figo inamtaka mtoa ushauri awe na shahada ya kwanza na saa 900 tu za mafunzo ya vitendo.

Gharama ndiyo penye kidonda. Katika programu nyingi, mwanafunzi analipa ada ili afanye kazi bila malipo, muda wote wa wiki, kwa miezi. Juu yake kuna kodi ya nyumba, bima, na gari la kumpeleka hospitalini leo, jiko la shule kesho, kliniki ya kina mama na watoto keshokutwa. Katika programu za masafa, mara nyingi anatakiwa amtafute msimamizi mwenyewe, kwa kupiga simu hospitali baada ya hospitali. Kipato cha kati cha fani hii mwaka 2023 kilikuwa karibu dola 70,000. Si haba, lakini uzamili wa mkopo hukitafuna kwa miaka.

Kwa haki, uzamili ulileta nafuu moja: mafunzo yakiwa ndani ya shahada, mwanafunzi anaweza kukopa serikalini, jambo ambalo programu nyingi zisizo na shahada hazikuliruhusu. Nafuu hiyo nayo imeanza kumegwa. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inaufuta mkopo wa Grad PLUS, ule wa serikali kwa wanafunzi wa uzamili na kuendelea, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026.

Matokeo ya gharama hizi yanaonekana kliniki. Takriban wanane kati ya kila RD kumi ni Wazungu. Mkongomani mwenye kisukari huko Columbus au Minneapolis ataambiwa apime wali kwa kikombe, na hakuna atakayemuuliza bonge lake la ugali lina ukubwa gani. Wa kumuuliza yupo: mhitimu wa lishe kutoka Morogoro au Nairobi anayeishi mtaa wa pili na kufanya kazi ya ghala. Cheti chake lazima kwanza kithibitishwe ulinganifu wake, kisha apite programu iliyoidhinishwa, kisha uzamili kama hana, kisha saa 1,000. Mwenye watoto na kodi ya kulipa ataacha ghala aende kula nini?

Hospitali hujitetea kwamba mwanafunzi ni mzigo, anamchelewesha msimamizi ambaye mara nyingi naye halipwi chochote kwa kufundisha. Wiki za mwanzo ni kweli. Wiki za mwisho mambo hugeuka: programu nyingi humkabidhi mwanafunzi wagonjwa wake, akawaona na kuandika kwenye mafaili yao, msimamizi akipitia tu na kutia saini. Hiyo ni kazi ya mwajiriwa. Hospitali za serikali za wanajeshi wa zamani, VA, huwalipa wanafunzi wao posho, na mafunzo yao hayajashuka hadhi kwa sababu hiyo. Hospitali nyingine zianze basi kwa kulipia wiki hizo za mwisho, na CDR iseme wazi ni uzamili wa fani gani inaoutaka na kwa nini.