Gunia la Viazi Halina Nafasi Ghorofani

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nyumba isiyo na akiba ya viazi mviringo ni nyumba isiyojipanga, na nilipohamia fleti ndogo ya ghorofa ya nne nilihama na imani hiyo. Nilinunua kiroba kizima, nikakisukuma kwenye kona iliyo kati ya jiko na friji, nikakifunika kwa kitambaa, kisha nikatulia. Baada ya siku kama kumi na mbili ilianza harufu ambayo kwanza niliidhania kuwa ya bomba la sinki, nikalisafisha bomba mara mbili bila mafanikio. Nilipokiinua kiroba, sakafu ilikuwa imelowa. Kiazi kimoja cha katikati kilikuwa kimegeuka uji mzito ndani ya ganda ambalo bado lilionekana zima, na kila kiazi kilichogusana nacho kilikuwa na doa la majimaji ambamo kidole kilizama bila kubonyezwa. Nilitupa zaidi ya nusu ya viazi vile, na kwa mtu aliyelelewa kuheshimu chakula, jambo hilo liliniuma kwa siku kadhaa.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo ambao nautetea kwa kila anayeishi ghorofani. Mkaaji wa fleti hapaswi kuweka akiba ya viazi kama anavyofanya mwenye ghala. Anapaswa kuvichagua kwa makini, anunue vya siku saba hadi kumi, na kwa siku hizo chache avitunze kama kitu chenye uhai.

Nasema uhai kwa maana yake halisi. Kiazi mviringo si mzizi, bali ni sehemu ya shina iliyonenepa chini ya ardhi, na yale tunayoyaita macho ni machipukizi yanayosubiri wakati wake. Takribani asilimia 80 ya uzito wake ni maji. Hata baada ya kuvunwa, kiazi kinaendelea kupumua: kinavuta oksijeni, kinatoa hewa ya kaboni, kinatoa unyevu na joto kidogo. Huwa kinalala usingizi wa wiki kadhaa au miezi kadhaa kulingana na aina yake, na joto linapozidi usingizi huo hukatika mapema. Wenye maghala wanalijua hili vizuri. Viazi vikitoka shambani huwekwa kwanza kwa wiki moja au mbili katika nyuzijoto 10 hadi 15 za Selsiasi na unyevu mwingi, ili ganda likomae na michubuko ya jembe ijifunge yenyewe, ndipo vya kupikwa nyumbani hushushwa hadi kwenye nyuzi 7 hadi 10 hivi, gizani, katika hewa yenye unyevu wa asilimia 90 au zaidi. Sasa linganisha hali hiyo na jiko la fleti, lenye hewa kavu, taa inayowaka hadi usiku na joto la sufuria mara tatu kwa siku. Hakuna kabati linaloweza kuishinda tofauti hiyo, na ndiyo maana sioni haya kusema kwamba dawa ya kwanza ni kununua vichache.

Watu wa milima ya Andes, katika nchi za sasa za Peru na Bolivia, ndio waliokizoesha kiazi maisha ya shambani maelfu ya miaka iliyopita. Walipotaka akiba ya muda mrefu hawakutegemea kiazi kibichi. Walivianika viazi usiku kwenye baridi kali vikaganda, mchana vikayeyuka juani, wakavikanyaga kwa miguu kukamua maji, wakapata chuño, yaani viazi vikavu vyepesi vinavyoweza kukaa miaka. Ikiwa waliokijua kiazi kuliko sisi sote waliona kwanza wayatoe maji ndipo wakiweke, sisi wenye kabati moja chini ya meza ya jikoni tunatumaini nini kwa kilo 20?

Utunzaji unaanzia dukani, na hapa ndipo makosa yetu mengi yalipo. Tumezoeshwa kupenda kiazi kilichooshwa kikang'aa, ilhali kuoshwa ndiko kunakokifupishia maisha. Maji huacha unyevu kwenye vijitundu vya ganda, msuguano huacha michubuko isiyoonekana, na udongo uliokuwa ukikizuia mwanga huondoka. Mimi huchagua kiazi chenye vumbi la udongo mkavu. Nakishika kimoja kimoja: kiwe kigumu kama jiwe la mtoni, kiwe kizito kuliko kinavyoonekana, ganda lisivuke ninapolisugua kwa dole gumba. Ganda linalovuka kirahisi ni la kiazi kichanga, kitamu sana kikipikwa siku hiyo au kesho yake, lakini si cha kukaa. Mkato wa jembe uliokauka hausumbui kwa kiazi cha kuliwa mapema, ila mkato wenye unyevu nauacha hapo hapo. Kisha nanusa. Kiazi kizima kina harufu ya udongo na basi, na harufu nyingine yoyote katika mfuko ni ya kiazi kimoja kilichokwisha kuoza mahali usipopaona.

Rangi ya kijani inahitaji maneno yake. Katika duka moja nililokuwa mteja wake, viazi vilivyooshwa vilipangwa ndani ya mifuko ya plastiki angavu, chini ya taa zilizowaka usiku kucha, na upande uliotazama taa ulikuwa umeanza kugeuka kijani. Nilipomwonyesha mhudumu alinijibu kwa upole, "Huo ni ubichi tu, ukipika utaisha." Hauishi. Kijani chenyewe ni klorofili na hakina madhara, lakini mwanga ule ule ulioileta huchochea kiazi kutengeneza solanini na chakonini, sumu za asili zinazokilinda dhidi ya wadudu na zinazomletea mlaji ladha chungu, kichefuchefu na maumivu ya tumbo. Kuchemsha hakuziondoi. Doa dogo la kijani linaweza kukatwa pamoja na nyama ya kutosha chini yake. Kiazi kilichoenea kijani, au chenye uchungu mdomoni, ni cha kutupwa, na muuzaji anayekiacha kiwe hivyo kwa ajili ya mapambo ya rafu anamkosea mnunuzi. Gunia juu ya rafu usiku lingetosha kabisa.

Jambo lingine ninalowadai wauzaji ni kuandika aina ya kiazi na tarehe ya kuvunwa. Kuna viazi vyenye wanga mwingi, vinavyopondeka na kufaa kukaangwa, na kuna viazi vinavyonata, vinavyobaki na umbo lake kwenye mchuzi. Kwa macho si rahisi kuvitofautisha. Nyumbani unaweza kukoroga kipimo 1 cha chumvi katika vipimo 11 vya maji: kiazi cha wanga mwingi huzama, chenye kunata huelea. Lakini jaribio hilo hufanyika baada ya kulipa, na kuhusu tarehe ya kuvunwa hakuna jaribio. Kiazi kilichotoka ghalani baada ya miezi sita kinaweza kuwa kimefikia mwisho wa usingizi wake, na kikikutana na joto la fleti macho yake hufumbuka ndani ya siku chache. Mtu akilalamika kwamba viazi vyake vimechipua upesi huambiwa hajui kuvitunza, na mara nyingi lawama hiyo si yake.

Vikishafika nyumbani, tafuta pahali penye ubaridi kuliko pengine pote, na usikisie. Niliacha kipimajoto siku moja moja katika sehemu mbalimbali nikashangaa: kabati la chini ya sinki nililoliamini kwa miaka lilikuwa na joto na unyevu kwa sababu ya bomba la maji ya moto, na juu ya friji palikuwa na joto kuliko mezani. Pahali pazuri palikuwa sakafuni kwenye kabati la viatu, karibu na ukuta wa nje usiopigwa na jua. Tangu siku ile viatu vimehamia kwingine. Viazi vinakaa kwenye mfuko mkubwa wa karatasi uliokunjwa mdomo bila kufungwa, au kwenye kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa kizito. Plastiki inakusanya jasho la viazi na kulirudisha juu yao, na viazi vikikosa hewa kabisa hugeuka vyeusi katikati hata kama nje vinapendeza. Vitunguu vikae mbali, kwa kuwa vyenyewe vinataka hewa kavu na viazi vinatoa unyevu, kwa hiyo pande zote mbili hupata hasara.

Kuhusu friji nimebadili maoni. Tuliambiwa tusiviweke humo kamwe, na sababu ilikuwa ya kweli: katika baridi kali kiazi hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ikikutana na mafuta ya moto hufanya chipsi kuwa nyeusi kabla hazijaiva na kuongeza akrilamaidi, kemikali ambayo watafiti wa Sweden walitangaza mwaka 2002 kwamba hujitengeneza katika vyakula vya wanga vinavyokaangwa au kuokwa. Hata hivyo, mwaka 2023 mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza ililegeza ushauri wake na kukubali friji kwa viazi vya nyumbani. Kwa maoni yangu, kama fleti yako ina joto kali na huna kona ya ubaridi, droo ya chini ya friji ni bora kuliko kuvitupa, mradi viwe ndani ya karatasi na uvitumie kwa kuchemsha. Vya kukaanga bado siviweki humo, kwa sababu ladha ile ya utamu inasikika wazi.

Najua hoja ya upande wa pili: kununua kwa gunia ni nafuu kwa kilo. Ni kweli, na ndiyo maana majirani watatu wa ngazi yetu tunanunua gunia moja pamoja na kuligawa siku hiyo hiyo kwenye korido, tukichambua vilivyokatika na kuvipika usiku huo. Nafuu inabaki, na kiroba kinachovuja hakipo.

Kila siku ya tatu navimwaga viazi vyote juu ya gazeti na kuvigusa kimoja kimoja, kazi isiyozidi dakika mbili. Chipukizi fupi kwenye kiazi kigumu nalitoa pamoja na jicho lake na kiazi kinaliwa. Kiazi kilichosinyaa chenye machipukizi marefu hakiingii chunguni. Vinavyobaki siku ya tisa nachemsha vyote kwa pamoja na maganda yake, vikipoa naviingiza kwenye friji vikiwa ndani ya bakuli lenye kifuniko, navyo hutosha kwa mlo wa siku mbili tatu zinazofuata. Mfuko naukung'uta dirishani, naugeuza ndani nje upigwe na upepo, na viazi vipya haviingii humo hadi uwe umekauka.