Kazi za nyumbani Nairobi: zimegawanywa au zimehamishwa?

Wanaume wa Nairobi wamebadilika, hilo silikatai. Nenda Umoja au Kahawa West asubuhi utamkuta baba kashika mkoba wa mtoto, wanasubiri basi la shule. Na wana hoja ya maana: kodi ya nyumba, karo na stima bado huhesabiwa mzigo wa mume, hata mke akipokea mshahara kama wake. Aliyefika saa tatu usiku baada ya kukwama kwenye foleni ya magari Jogoo Road anaona wajibu wake ameshautimiza. Hoja hiyo isidharauliwe.

Ila kuna hesabu inayonikera. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na KNBS, shirika la takwimu la taifa, mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake hutumia asilimia 18.7 ya siku kwa kazi za nyumbani na malezi yasiyo na malipo. Wanaume, asilimia 3.6. Yaani karibu saa nne na nusu kwa mmoja, dakika hamsini na kitu kwa mwenzake. Na wake wengi hapa mjini nao wanatoka kazini, nao walikwama Jogoo Road hiyo hiyo. Saa hizo wanazitoa wapi? Kwenye usingizi. Maji ya mgao yakifunguliwa alfajiri, anayeamka kujaza mitungi ni mama.

Wenye uwezo watasema dada wa kazi ameshamaliza ugomvi huo. Hapo ndipo tunapojidanganya. Kazi imehamia kwa mwanamke mwingine, mara nyingi kwa mshahara usiofika kima cha chini cha sheria, na anayemtafuta dada huyo, kumwelekeza na kupigiwa simu mtoto akipata homa bado ni mke. Ingia nyumba kama hiyo Jumapili jioni, dada akiwa mapumzikoni: vyombo vya chai vimerundikana juu ya masufuria ya mchana, sare za Jumatatu hazijapigwa pasi, na baba anatazama mpira.

Wapo wanaosema ni mambo ya ndani, ilmradi kuna amani. Amani ikivunjika je? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani na malezi kuwa mchango katika mali ya wanandoa. Lakini Januari 2023, katika kesi ya kugawana mali baada ya talaka, Mahakama ya Juu ilisema nusu kwa nusu haiji yenyewe. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Katika kesi ile mke alipata nusu yake, ila mzigo wa kuthibitisha ulibaki palepale. Mume ataleta risiti za simiti na mabati. Miaka ya kufua nepi na kukesha na mtoto mgonjwa haina risiti.