Star Trek Mpya Hazikosi Vipaji, Zinakosa Vipindi

Kila tamthilia mpya ya Star Trek, hadithi za Kimarekani za wasafiri wa anga za juu, inapotangazwa, mashabiki tunagawanyika hata kabla ya kuona kionjo. Wapo wanaoshangilia, wapo wanaoapa kutoitazama, na lipo kundi kubwa la katikati linalofurahi huku likiogopa. Mimi nimo humo. Naipenda Star Trek mno kiasi kwamba siwezi kupokea kila kinachobandikwa jina lake, na kwa sababu hiyohiyo siwezi kukipuuza.

Tamthilia ya Enterprise ilipokatishwa mwaka 2005, televisheni ilikaa miaka 12 bila Star Trek mpya. Discovery ikaja 2017, na baada yake zikamiminika: Picard na Lower Decks mwaka 2020, Prodigy 2021, Strange New Worlds 2022, filamu ya Section 31 Januari 2025, kisha Starfleet Academy mwaka uliofuata. Baada ya ukame huo wote ungetarajia tushukuru tu. Badala yake tunabishana kuliko wakati wowote.

Lawama inayosikika zaidi ni kwamba tamthilia hizi zimeisaliti asili. Klingon, jamii ya kivita ya sayari nyingine, wamebadilishwa sura, Spock, ofisa wa tamthilia ya kwanza, amepewa dada wa kulea ambaye hakuwahi kutajwa, na giza limezidi matumaini. Baadhi ya hayo nakubaliana nayo. Wapo pia waliomchukia Michael Burnham, dada huyo wa kulea na mhusika mkuu wa Discovery, tangu siku ya kwanza kwa kuwa tu ni mwanamke mweusi aliyepewa nafasi ya mbele, na hao sina la kujadiliana nao. Tamthilia iliyomketisha mwigizaji mweusi Nichelle Nichols pamoja na maofisa wa chombo mwaka 1966 haikuwahi kuwa yao. Lakini shabiki anayesema kwa moyo safi kwamba anachokiona si Star Trek aliyoizoea anastahili kusikilizwa. Nadhani kuna kitu kweli kinamuuma, ila kidole chake kinaelekea pasipo.

Turudi 1987. The Next Generation ilipotangazwa, mashabiki wengi waliikataa: Star Trek gani hiyo isiyo na nahodha Kirk wala Spock? Tena msimu wa kwanza uliwapa sababu. Kuna vipindi mle vinavyotia aibu mpaka leo. Code of Honor, kile cha sayari ya watu weusi waliochorwa kama washenzi, kimekemewa hadharani na baadhi ya waigizaji walewale waliokicheza. Ingetoka leo, sidhani kama ingeuona mwaka wa tatu.

Iliuona. Haikutegemea mtandao mmoja wa televisheni wenye uwezo wa kuikata. Iliuzwa moja kwa moja kwa vituo mbalimbali nchini Marekani, na msimu wake wa kwanza ulikuwa na vipindi 26. Katika msimu wa pili ikatoa The Measure of a Man, kesi ya kuamua kama Data, roboti mwenye umbo la mtu, ni mali au ni nafsi yenye haki zake. Msimu wa tatu Michael Piller akashika uongozi wa waandishi, na Juni 1990 nahodha Picard akatekwa na Borg, maadui walio nusu viumbe nusu mashine, katika The Best of Both Worlds, na msimu ukafungwa tukiwa hatujui kama atarudi. Mpaka kufikia hapo, tamthilia ilikuwa imetumia vipindi zaidi ya 70.

Discovery nzima, misimu yote mitano, ina vipindi 65.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko sura za Klingon. Discovery ilimalizika 2024 kabla ya kufika idadi ambayo mtangulizi wake aliitumia kujitafuta tu. Na hivyo vichache ilivyopata, karibu vyote viliwekwa kuhudumia janga moja kubwa la kila msimu. Maofisa Detmer na Owosekun walikaa mbele kwenye chumba cha uongozi wa chombo kwa miaka, nasi tukabaki tukiwajua kwa majina na sare. Burnham alilia, akapigana, akaokoa walimwengu, lakini mara chache sana tulimwona akiishi siku ya kawaida na wenzake.

Mtetezi wa mtindo wa sasa wa misimu mifupi atasema ni heri vipindi 10 vilivyopikwa vikaiva kuliko 26 vyenye makapi. Hoja hiyo ina uzito, maana makapi yalikuwapo, na mengi. Ila tazama kilichoondoka nayo. Mara tu baada ya Picard kuokolewa mikononi mwa Borg, waandishi waliweka kipindi kinachoitwa Family: anarudi kwao Ufaransa, anagombana na kaka yake kwenye shamba la mizabibu, wanagaragazana matopeni, mwishowe analia. Hakuna vita wala sayari ya kuokolewa. Kwenye msimu wa vipindi 10, kipindi hicho kingekuwa dakika tatu kabla ya hatari inayofuata. Na Far Beyond the Stars ya tamthilia ya Deep Space Nine, ambamo nahodha Sisko anakuwa mwandishi mweusi wa hadithi za kisayansi katika miaka ya 1950, ilikuja mwaka 1998, msimu wa sita. Ilituvunja moyo kwa sababu tulikuwa tumeishi na Sisko vipindi zaidi ya 100, na tulijua uzito wa kila ambacho mtu yule alikuwa akinyang'anywa.

Prodigy nayo ilitendewa vibaya zaidi. Ni katuni iliyolenga watoto na ikawafunza maana ya Starfleet, kikosi cha vyombo vya anga cha Star Trek, kwa upole na akili, halafu mwaka 2023 ikaondolewa kabisa kwenye huduma iliyoizaa. Mashabiki walipiga kelele, na msimu wa pili ukapata hifadhi Netflix mwaka 2024. Wengi wa waliopigania ile katuni ni watu wazima wenye umri wa kutosha kukumbuka matangazo ya 1987. Anayedai kwamba mashabiki wa zamani hawataki kitu kipya aeleze hilo.

Katika hizi mpya, Strange New Worlds ndiyo niipendayo kuliko zote. Nahodha Pike anapika chakula na kuwalisha maofisa wake, na katika dakika chache za pale mezani unawajua kuliko katika mapambano yote. Lakini hata hapa hesabu inabana. Kati ya vipindi 10 vya msimu wa pili, kimoja ni cha kuimba na kimoja ni ugeni wa wahusika wa Lower Decks. Vyote viwili nilivifurahia, na vyote viwili vilikula sehemu ya nafasi ndogo iliyokuwapo. Kisha tukasubiri kuanzia Agosti 2023 hadi Julai 2025 ndipo msimu wa tatu uanze.

Sasa imeshatangazwa kwamba msimu wa tano utakuwa wa mwisho, na utakuwa na vipindi 6. Ndani ya hivyo 6 Pike amwachie Kirk chombo, Spock awe yule tunayemjua, na maofisa Uhura, Chapel na La'an kila mmoja apate lake. Waandishi hawa wameonyesha kwamba wanaweza. Waliowapa vipindi 6 ndio wanaopaswa kupokea hasira yetu.