Utando wa ateri: kuuchochea au kuuondolea kinachouumiza?

Ateri imevikwa kwa ndani tabaka moja tu la seli, na tabaka hilo halikai bure. Damu inapolisugua kwa mwendo mtulivu, seli zake hutengeneza naitriki oksaidi kutokana na L-arginini, asidi amino inayopatikana kwenye chakula. Gesi hiyo hupenya hadi kwenye misuli ya ukuta. Ateri hulegea, na chembe sahani hazishikamani. Mwaka 1980 Robert Furchgott alionyesha kwamba ateri ya sungura iliyokwanguliwa utando huu hailegei tena kwa asetilikolini, kemikali ambayo kwa kawaida huilegeza.

Wanaosema ugonjwa wa moyo huanzia hapa wana hoja nzito. LDL, yaani kolesteroli "mbaya", ni ileile mwili mzima, lakini mafuta hujikusanya zaidi penye njia panda za ateri. Hapo damu huzungukazunguka, naitriki oksaidi hupungua, na seli huotesha molekuli za VCAM-1 zinazonasa chembe nyeupe.

Lakini je, kuongeza ishara hiyo ya naitriki oksaidi kunaponya? Mwaka 2006, katika jaribio la VINTAGE MI, watu waliotoka kupata shambulio la moyo walipewa L-arginini gramu 3 mara tatu kwa siku. Jaribio lilikatizwa: 6 walikufa upande wa dawa, hakuna upande wa waliopewa dawa bandia. Kimeng'enya chenyewe kinachotengeneza naitriki oksaidi kinatuonya. Kikikosa BH4, molekuli inayokisaidia kufanya kazi, huacha kutoa naitriki oksaidi, kikatoa supaoksaidi inayoiharibu hata ile iliyobaki. Kukirundikia malighafi hakukitengenezi.

Hata kipimo cha afya ya utando huu kina udhaifu. Mkono hubanwa kwa mkanda dakika 5, ukiachiwa ultrasaundi hupima ateri imetanuka kiasi gani. Kwa ateri ya milimita 4, asilimia 5 ni milimita 0.2 tu! Sigara, kahawa au mlo wa karibuni hutosha kupotosha jibu, kwa hiyo nisingekitegemea kuamua tiba ya mtu mmoja.

Kwa maoni yangu, kwanza kiondolewe kinachoumiza utando: LDL, shinikizo la juu, sukari, moshi wa tumbaku. Hata hivyo jaribio la CANTOS la 2017 haliniruhusu kuishia hapo. Kanakinumabu miligramu 150 kila miezi 3, dawa inayozima ishara ya uvimbe wa ndani (inflamesheni) bila kugusa LDL, ilipunguza jumla ya mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo na mishipa kwa takriban asilimia 15, ingawa vifo vya maambukizi viliongezeka. Aliyewahi kupata shambulio, ambaye LDL imeshuka lakini CRP (kipimo cha inflamesheni kwenye damu) imebaki miligramu 2 kwa lita au zaidi, ndiye ambaye kwake mjadala huu bado ni wa kweli.